Uliza Dawa Itakutana na Nini

Dirishani pa duka la dawa maswali ya mnunuzi huwa mawili: hii inatibu nini, na bei gani. Naomba tuongeze la tatu, na siku ambayo foleni ni ndefu na una nafasi ya swali moja tu, basi liwe hilo: dawa hii itakutana na nini ndani ya mwili wangu? Watafiti wa dawa wenyewe walichelewa kulipa swali hili uzito wake. Walipolipa, ilikua taaluma nzima, biolojia ya mifumo, ambayo leo inabadilisha namna dawa zinavyobuniwa, zinavyopimwa na zinavyoandikwa kwenye cheti chako. Unaweza kuitumia wewe mwenyewe ukiwa kliniki, ukiwa famasi, au ukiwa nyumbani unasoma habari ya dawa mpya kwenye simu.

Kwa miongo mingi dawa ilitafutwa kwa kulenga shabaha moja. Mtafiti anaipata protini inayohusika na ugonjwa, anatafuta kemikali ya kuizuia, anaijaribu maabara, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu. Njia hiyo imetupa dawa nyingi nzuri. Hata hivyo, takriban dawa tisa kati ya kumi zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu hazifiki sokoni: ama hazitibu kama ilivyotarajiwa, ama zinaumiza mahali ambapo hapakulengwa. Protini haikai peke yake. Ukiigusa moja, nyingine kadhaa zinashtuka. Zipo zinazoongezeka, zipo zinazopungua, zipo zinazoziba pengo. Biolojia ya mifumo inapima mambo mengi kwa mpigo mmoja, yaani jeni, protini, sukari na mafuta ya damu, hata bakteria wa utumboni, kisha kwa hesabu na kompyuta inafuatilia nani anamsukuma nani. Mtafiti Leroy Hood na wenzake waliifungulia taasisi mjini Seattle mwaka 2000, lakini wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1960 kijana wa Kiingereza, Denis Noble, alichapisha hesabu zilizoonyesha namna seli ya moyo inavyodunda. Alichokiona ni kwamba hakuna kiungo kimoja ndani ya seli kinachoshika mdundo. Mdundo unatokana na milango ya potasiamu, sodiamu na kadhalika inayofunguka na kujifunga kwa kuathiriana.

Funzo lililouma zaidi lilitoka huko huko moyoni. Terfenadini ilikuwa dawa ya mzio iliyopendwa sana miaka ya 1980 kwa kuwa haikuleta usingizi. Ikifika moyoni ikiwa bado nzima, inaziba mlango wa potasiamu, na mdundo unaweza kuvurugika. Wengi hawakudhurika kwa sababu ini liliigeuza karibu yote kuwa kemikali nyingine iliyo salama kabla haijaenea mwilini. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Mgonjwa akinywa pamoja nayo ketokonazoli kwa ajili ya fangasi, au erithromaisini kwa ajili ya maambukizi ya kifua, kimeng'enya kinazuiwa, terfenadini inapita ilivyo, na wapo waliopoteza maisha ghafla. Mwaka 1998 iliondolewa sokoni Marekani. Mahali pake pakachukuliwa na feksofenadini, ambayo ni ile ile kemikali salama iliyokuwa ikitengenezwa na ini.

Hapakuwa na dawa mbovu kati ya zile zilizokutana. Kila moja, ikipimwa peke yake, ilikuwa imefaulu.

Orodha kwanza

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni orodha, na uiandike kabla hujaumwa. Chukua karatasi au sehemu ya kuandikia kwenye simu, uweke kila kitu kinachoingia mwilini: dawa za kila siku, za mara moja moja, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kiungulia unayonunua bila cheti, vidonge vya nguvu ulivyoletewa na shemeji kutoka Oman, dawa ya asili pamoja na jina la mti ukilijua. Usiache kijiti cha uzazi wa mpango kilichomo mkononi. Hicho ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu hakinywewi na hakionekani.

Andika jina la kemikali, ambalo kwenye boksi huwa limechapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara. Majina makubwa yanadanganya: maboksi mawili yenye rangi tofauti yanaweza kuwa na parasetamoli ile ile, na mtu akajikuta amekunywa dozi mbili kwa sababu moja ilikuwa ya mafua na nyingine ya maumivu. Ukiona kuandika ni kazi, panga maboksi yote mezani, uyapige picha upande wenye maandishi madogo, na picha hiyo uende nayo kila kliniki.

Wazee wetu ndio wanaohitaji orodha hii kuliko wote. Bibi anahudhuria kliniki ya presha siku moja, kliniki ya kisukari siku nyingine, macho mahali pengine, na kila daktari anaona kipande chake. Anayempeleka ndiye mtu pekee anayeziona dawa zote zikiwa pamoja. Asione aibu kuzitoa kwenye mfuko na kusema, "Daktari, shikamoo, hizi ndizo anazotumia bibi zote, naomba uziangalie kabla hujaongeza nyingine." Sentensi hiyo inampa daktari taarifa ambayo hakuna kipimo cha damu kitakachompa.

Kwa nini nakazia hata vile visivyo dawa? Mwaka 1989 mtafiti wa Kanada, David Bailey, alichapisha matokeo ambayo mwanzoni wengi hawakuyaamini. Alikuwa anachunguza kama pombe inabadilisha utendaji wa felodipini, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, aliichanganya na juisi ya balungi. Kiwango cha felodipini kikapanda mara kadhaa kupita ilivyotazamiwa, kwa waliopewa pombe na kwa wale ambao hawakupewa. Pombe haikuwa na hatia. Balungi lina kemikali zinazoharibu CYP3A4 ile ile, safari hii ikiwa kwenye ukuta wa utumbo, na mwili unahitaji siku moja hadi tatu kutengeneza nyingine. Ndiyo maana kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakusaidii. Kama unatumia dawa ya presha ya jamii ya felodipini au nifedipini, au baadhi ya dawa za kupunguza lehemu kama simvastatini, muulize mfamasia kuhusu balungi kwa jina. Chungwa la kawaida halina tabia hiyo.

Kuna dawa zinazofanya kinyume, na kwetu iliyo muhimu kuliko zote ni rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu. Ikiingia kwenye seli za ini inashika kipokezi kinachowasha jeni za vimeng'enya vingi kwa pamoja. Ini linaanza kusafisha dawa nyingine kwa kasi kubwa, na zinatoka mwilini kabla ya kumaliza kazi. Chukua mama mwenye VVU, ana kijiti mkononi, kisha anagundulika kifua kikuu na kuanzishiwa dozi. Hakuna kidonge alichoacha. Lakini dolutegraviri yake, dawa ya kufubaza VVU, imeshuka, ndiyo sababu mwongozo unataka anywe miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa kipindi chote cha rifampisini, na homoni ya kijiti nayo imeshuka, kwa hiyo anaweza kushika mimba akidhani amekingwa. Ushauri: siku ile ile unayoanzishiwa dawa za kifua kikuu, mwambie mhudumu njia yako ya uzazi wa mpango. Kitanzi hakiguswi na rifampisini, na WHO haijaweka zuio kwa sindano ya miezi mitatu. Vidonge na vijiti ndivyo vinavyodhoofika, na kondomu inahitajika pamoja navyo. Ukimaliza dozi, ini halirudi katika hali yake siku hiyo hiyo. Linachukua wiki kadhaa, basi usirudi kwenye mpango wa zamani kabla ya kuambiwa.

Neno moja kabla sijaendelea, nalisema kwa uzito wote: orodha hii ni ya kuulizia. Ukiona jina la dawa yako hapa, usiache dawa wala usibadilishe dozi mwenyewe. Kuacha rifampisini au dawa za kufubaza VVU katikati kuna hatari kubwa kuliko muingiliano wowote wa dawa hizo nilioutaja.

Saa na sahani

Mfamasia akisema "kabla ya kula" au "baada ya kula", mara nyingi tunalichukulia kama jambo la adabu ya tumbo. Muulize: kisa nini? Jibu lake linaweza kubadilisha matokeo ya dozi nzima.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ni mfano ninaoupenda kwa sababu imebuniwa kwa fikra za mifumo hata kabla neno hilo halijazoeleka kwa waganga wetu. Klorokwini ilituacha mkono kwa sababu kimelea kilijifunza kuikwepa dawa iliyokuwa inapigana peke yake. ALu inaunganisha mbili. Artemetha inaua vimelea vingi kwa haraka lakini inatoka mwilini ndani ya masaa machache. Lumefantrini inabaki siku kadhaa kuwamaliza waliosalia. Kimelea ambacho kingeweza kuikwepa moja kinakutana na nyingine. Sasa lumefantrini hupenda mafuta: ikinywewa na mlo wenye mafuta inaingia kwenye damu mara nyingi zaidi kuliko ikinywewa na maji matupu. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, anameza vidonge kwa maji, anapona nusu, wiki mbili baadaye homa imerudi na lawama inapelekwa kwa dawa. Huhitaji mlo wa karamu. Kikombe cha maziwa, uji wenye karanga au kipande cha parachichi kinatosha. Na dozi ya pili ni baada ya masaa manane tangu ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Weka kengele ya simu.

Dolutegraviri nayo ina mambo yake. Madini ya chuma na kalsiamu yanaishika tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Mjamzito mwenye VVU anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki hiyo hiyo anakochukulia dawa zake, na kama anavimeza vyote pamoja asubuhi kabla hajala, anajinyima dawa bila kujua. Anywe dolutegraviri masaa mawili kabla ya vidonge hivyo au masaa sita baada, ama avinywe vyote kwa pamoja wakati wa chakula. Kwa dawa za kiungulia, zile zenye magnesi na aluminiamu, afuate masaa tu, chakula hakimwokoi. Na mwenye kisukari anayetumia metformini pamoja na dolutegraviri amkumbushe daktari, kwa kuwa metformini hupanda kwenye damu na kwa kawaida dozi huangaliwa isizidi miligramu 1000 kwa siku.

Mwili wako na mwili wa wastani

Dozi iliyoandikwa kwenye boksi imepatikana kwa kupima watu wengi na kuchukua wastani, na kwa muda mrefu watu hao walikuwa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Efavirenzi ilitufundisha. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya kila siku ya mamilioni ya Waafrika wenye VVU kwa dozi ya miligramu 600. Wengi walilalamikia kizunguzungu, ndoto za kutisha, huzuni isiyo na sababu, na baadhi waliambiwa watazoea. Kimeng'enya kinachoisafisha efavirenzi, CYP2B6, kina umbo la polepole ambalo limeenea zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo dawa ilikuwa inajazana kwenye damu zao. Mwanasayansi wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, ni miongoni mwa waliolifanyia kazi jambo hili kwa miaka. Baadaye utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600. Walalamikaji walikuwa wanasema kweli ya miili yao.

Kodeini inaonyesha upande wa pili. Yenyewe ni dhaifu. Mwili ndio unaoigeuza kuwa mofini kupitia kimeng'enya CYP2D6. Mwaka 1996 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kuwa kati ya Waethiopia waliowapima, asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho. Mtu wa namna hiyo anatengeneza mofini nyingi kwa haraka, na kwa mtoto mdogo jambo hilo linaweza kusimamisha pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12 mwaka 2017. Kabla ya kumpa mtoto dawa ya kikohozi, soma maandishi madogo. Ukiona kodeini, rudisha chupa.

Kipimo cha jeni hakipatikani kirahisi kwenye zahanati zetu, na sioni haja ya kukisubiri. Una kitu kingine, historia ya ukoo. Upungufu wa kimeng'enya G6PD, unaopatikana sana katika maeneo yenye malaria, hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwenye nao akipewa primakwini ya dozi kubwa au dapsoni, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Uliza nyumbani: je, kuna mjomba au kaka aliyewahi kukojoa mkojo mweusi na macho kuwa ya njano baada ya kunywa dawa? Dawa gani? Wazee huyakumbuka mambo haya vizuri, ila hakuna anayewauliza. Liandike jibu chini ya orodha yako.

Ukisoma habari ya dawa mpya

Simu zetu zimejaa habari za tiba. Nyingine ni za kweli na bado hazina maana kwako. Ninapozisoma huwa natafuta majibu ya mambo machache, na la kwanza ni hili: imejaribiwa kwenye nini?

Mwanzoni mwa mwaka 2020 maabara kadhaa zilionyesha kuwa hidroksiklorokwini inazuia virusi vya korona. Ilikuwa kweli, ndani ya seli za Vero, ambazo asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika. Kwenye seli hizo virusi huingia kwa kumezwa kwanza kwenye vifuko vidogo, na dawa huvivuruga vifuko hivyo. Seli za mapafu ya binadamu zina kimeng'enya TMPRSS2 kinachovifungulia virusi mlango wa nje, kwa hiyo vifuko havihitajiki na dawa haina cha kuzuia. Ilipofika Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza, RECOVERY, lilikuwa limeonyesha kuwa wagonjwa waliolazwa hawakupata nafuu yoyote. Mwezi Februari mwaka huo huo watafiti wa London walikuwa wamefuata njia nyingine: walitumia kompyuta kupitia ramani ya mahusiano ya protini, dawa na magonjwa, wakauliza ni dawa gani iliyopo tayari inayoweza kutuliza uvimbe na pia kuzuia virusi kuingia kwenye seli. Ramani ikawaelekeza kwenye barisitinibu, dawa ya baridi yabisi. Iliungwa mkono na majaribio ya binadamu, na Januari 2022 WHO ikaipendekeza kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Angalia mpangilio: kompyuta ilipendekeza, wagonjwa ndio walioamua. Habari ikikwambia kwamba akili bandia imegundua tiba, tafuta kama sehemu ya pili ya kazi imefanyika.

Jambo la pili ninalotafuta: ugonjwa una njia gani ya pembeni? Magari yakifungiwa Barabara ya Morogoro pale Ubungo, Dar es Salaam, hayalali njiani. Yanaingia vichochoro vya Sinza na Mabibo. Saratani hufanya hivyo. Vemurafenibu iliruhusiwa mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi yenye hitilafu kwenye jeni ya BRAF, na karibu nusu ya wagonjwa uvimbe wao ulisinyaa. Hitilafu ile ile ipo kwa baadhi ya wenye saratani ya utumbo mpana, ikajaribiwa, na ni wachache mno walionufaika. Shabaha ni moja, kemikali ni moja, kwa nini majibu yawe mbali hivyo? Mwaka 2012 kikundi cha mtafiti René Bernards mjini Amsterdam kilizima jeni moja baada ya nyingine kwenye seli za saratani ya utumbo hadi kikapata jibu. BRAF ikizibwa, seli za utumbo zinawasha kipokezi kingine, EGFR, na ujumbe wa kuzaliana unapita huko. Seli za saratani ya ngozi zina EGFR kidogo sana, hazina uchochoro huo. Dawa ya kuziba EGFR ilikuwepo tayari hospitalini. Zikaunganishwa, na Aprili 2020 mchanganyiko wa enkorafenibu na setuksimabu ukaruhusiwa Marekani kwa wagonjwa waliokwisha kupata matibabu mengine.

Kwa mtu mwenye ndugu anayeuguza saratani, swali la kumwuliza daktari linatoka hapo hapo: uvimbe huu umepimwa jeni gani, na dawa hii inapewa peke yake au na nyingine, kwa sababu gani? Jina la kiungo, titi au utumbo au tezi dume, halitoshi tena kuchagua dawa.

La tatu: kilichopimwa ni nini hasa? Torcetrapib iliundwa kupandisha lehemu nzuri kwenye damu, na iliipandisha kwa kiasi kikubwa mno. Desemba 2006 jaribio lake lenye wagonjwa takriban 15,000 lilisimamishwa kwa kuwa waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi kuliko wasiopewa. Ilikuwa pia inapandisha presha na kugusa homoni ya chumvi mwilini. Namba ya maabara ilipendeza. Habari ikisema dawa "imeongeza" au "imepunguza" kitu fulani kwenye damu, endelea kusoma mpaka uone kama watu waliishi muda mrefu zaidi au waliugua mara chache zaidi.

Na la nne, kwa miili ya nani? Haidroksiyurea ilijulikana Marekani kwa miaka mingi kuwa inapunguza maumivu ya watoto wenye selimundu, lakini Afrika watu walisita kuitumia kwa hofu kwamba ingeshusha kinga na kuongeza malaria. Jaribio la REACH, lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600 na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kuwa maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ilipungua. Hofu ilikuwa ya kweli, ila jibu halikuweza kupatikana Ulaya. Kama una mtoto mwenye selimundu na hajawahi kutajiwa dawa hii, itaje wewe.

Kuhusu miili yetu, kazi inayonipa matumaini makubwa inafanyika Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC wakishirikiana na chuo cha Radboud cha Uholanzi walipima damu ya Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2021: watu wa mjini walikuwa na dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani, na chakula kilihusika. Kisha wakafanya jaribio na wanaume 77, likachapishwa mwaka 2025. Wa kijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, cha kusindikwa na cha kukaanga. Wa mjini wakapewa maharage, mboga za majani, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine likanywa mbege, pombe ya kienyeji, kwa wiki moja. Walipima maelfu ya jeni zinavyowaka na kuzimika, protini za damu na namna chembe za kinga zinavyojibu vimelea. Waliohamia chakula cha kizungu protini za uvimbe zilipanda na chembe zao za kinga zikapungua makali. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na kwa kiasi fulani wanywaji wa mbege, mwelekeo ulikuwa wa kutuliza uvimbe, na sehemu ya mabadiliko ilionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Haimaanishi mbege ni dawa, pombe inabaki pombe, na wanaume 77 ni wachache. Inamaanisha kwamba mtu anayemeza kidonge Moshi mjini na anayemeza kile kile kijijini Uru juu wanaweza kuwa wanakimeza kwenye mazingira mawili tofauti ya damu, na dawa na chanjo za kesho zitahitaji kulijua hilo.

Ukialikwa kwenye utafiti wa namna hii, uliza sampuli yako ya damu itahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, nani ataruhusiwa kuitumia kwa swali jingine, na kama utarudishiwa matokeo yanayokuhusu. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, na uende nayo nyumbani kuisoma kabla ya kusaini. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Ukiridhika na majibu, shiriki.

Dawa ikikudhuru

Madhara mengi ya kukutana kwa dawa hugunduliwa baada ya dawa kuingia sokoni, kwa sababu majaribio huwachagua watu wenye ugonjwa mmoja, na mitaani watu wana matatu. Kwa hiyo ripoti yako ni sehemu ya utafiti. Ukipata vipele, kizunguzungu kisichoisha, mkojo mweusi au moyo kwenda mbio baada ya kuanza dawa, nenda kituo cha afya upesi, kisha omba madhara hayo yaripotiwe: Tanzania kwa mamlaka ya dawa, TMDA, Kenya kwa Pharmacy and Poisons Board. Unaweza kuripoti mwenyewe pia.

Ripoti nyingi zinataja dawa moja tu, ile inayoshukiwa. Wewe taja zote zilizokuwa kwenye orodha siku hiyo, na ulichokula nazo. Andika siku na saa ulipomeza, muda uliopita kabla ya dalili kuanza, na kama dalili ilipungua daktari alipokuachisha. Usilitupe boksi: namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda viko ubavuni, na bila hivyo hakuna anayeweza kujua kama tatizo lilikuwa dawa yenyewe, lilikuwa toleo moja lililoharibika, au vilikuwa vitu viwili vilivyokutana tumboni mwako.